Ukurasa wa mwisho uchaneni

Bagamoyo, Jumatano jioni

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Natumai wote hawajambo, na Bibi miguu imepoa. Huku salama, ila joto na bei ya samaki. Mama Tatu anakusalimu, anauliza sufuria yake.

Andiko la mchezo limenifikia Jumatatu, nimelisoma mara tatu, na nakuandikia mbiombio kwa kuwa mmebakiwa na wiki mbili kabla ya kuucheza kijijini. Ni zuri. Yule shemeji anayemuuzia mgeni shamba la minazi la marehemu kaka yake hata arubaini haijaisha, nimemwona kwa macho yangu. Lile neno lake, "mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii", litawachoma watu. Lakini ukurasa wa mwisho, somo, uchaneni.

Bwana ardhi anashuka kwenye pikipiki, anasoma kifungu, shemeji analia, mjane anarudishiwa shamba, ngoma inapigwa. Halafu? Watu wataondoka pale wametulia. Hasira waliyokuja nayo mmeizima nyinyi wenyewe kwa dakika mbili, na kesho yake mjane wa kweli hana shamba na bwana ardhi hajaonekana. Mchezo ukatike pale shemeji anapohesabu pesa na mjane amekaa kimya. Hapo hapo. Dakika 15, na zisizidi 20. Kinachofuata ni cha wanakijiji.

Augusto Boal, yule Mbrazili wa michezo ya kuigiza, aliliona hili Peru mwaka 1973. Watazamaji walikuwa wakitoa shauri, wachezaji wanaliigiza. Mwanamke mmoja hakuridhika na shauri lake lilivyochezwa. Kila wakirudia anasema sivyo, mwisho akapanda mwenyewe kuonyesha. Ndipo mtazamaji akawa mchezaji. Na matunda yake yanahesabika: alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, maonyesho ya namna hiyo yalizaa sheria 13. Zote zilianzia kwa watu walioachiwa tatizo mikononi, hawakupewa jibu.

Sasa utaratibu. Mara ya kwanza uchezeni mchezo wote mpaka pale pa kukatia. Mwezeshaji aingie, asihutubie, aulize tu: mjane angefanya nini, na wakati gani? Kisha mnaanza upya, na yeyote akiona pa kubadilisha anasema "simama!", wachezaji wanaganda. Anayeingia anavishwa kanga ya mjane. Iwe kanga ile ile moja, nyekundu, ya kuonekana mbali. Aliyeivaa ndiye mjane, hata akiwa babu mwenye ndevu. Mwigizaji wenu aivue taratibu na kumtandia mgeni mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Msimrushie. Mtu aliyetoka mkekani anatetemeka, na zile sekunde za kutandiwa ndizo anazovutia pumzi.

Wengine watataka kuingia mahali pa shemeji. Wakatalieni kwa upole. Shemeji atageuka mwema ghafla, atarudisha shamba, nasi tutakuwa tumerudi kwenye ukurasa ule ule niliosema uchanwe. Mjane hana uwezo wa kuubadili moyo wa mtu. Ana uwezo wa kuita mashahidi, kukataa kuweka dole gumba, kwenda kwa mwenyekiti kabla pesa haijahesabiwa. Anayebadilishwa ni mwonewa, au yule jirani mliyemwacha anyamaze.

Kazi nzito kuliko zote ni ya anayecheza shemeji. Akilegea upesi, watu wanaondoka na uongo. Akikaza kupita kiasi, wanakata tamaa. Mfanyisheni mazoezi peke yake: hoja ya kwanza aicheke, ya pili atishe, ya tatu, kama ina shahidi au karatasi, ayumbe.

Hapo ndipo mnapotakiwa kuijua sheria kuliko kijiji kizima. Kwenye baraza umeweka wazee wanne, wote wanaume, wanatoa hukumu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wasiopungua 3 wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Akitokea mtu mmoja anayelijua hilo, atawasahihisha mbele ya umati na hata maneno yenu ya kweli yatashukiwa. Na mirathi, somo! Marehemu ameacha mtoto wa kiume. Kwa mafungu ya Kiislamu mjane ana thumni yake, fungu moja kwa nane, watoto wana haki yao, na kaka mtu hana fungu hapo. Mpelekeeni sheikh andiko wiki hii hii. Akisimama siku hiyo akasema "ndivyo", hakuna kipaza sauti cha kumshinda.

Uwanjani, wachezaji wakae upande wa bahari. Alasiri jua litakuwa mgongoni kwa watazamaji, nyuso za wachezaji zitaonekana, na upepo utawapelekea watu sauti. Wanawake wakae mbele mikekani, si nyuma ya wanaume waliosimama. Kama hawasemi, mwezeshaji awape dakika mbili wanong'one wawili wawili, ndipo aulize tena. Anzeni ngoma saa 10, ili mjadala uishe kabla ya magharibi.

Ngoma nazo mziangalie. Hewa ya pwani inalegeza ngozi, na ngoma iliyolegea haikusanyi watu. Washeni makuti makavu pembeni, chapuo, ile ngoma ndogo, ishikwe juu ya moto huku inazungushwa, na kidole kikiigonga kila mara mpaka ile sauti ya kufifia igeuke ya kulia. Ikilia, iondoeni. Ikizidi moto, ngozi inapasuka pale ilipowambwa. Na msiuzime moto, jioni mtauhitaji tena.

La kuniogopesha ni moja. Mjane wa kwenye andiko ana watoto wanne na anauza vitumbua, sawa na yule wa kweli. Kijiji kizima kitamtambua. Badilisheni idadi ya watoto, kazi, hata aina ya shamba, liwe la michungwa. Wala shemeji asiige mwendo wa mtu anayejulikana. Mtaondoka na mikeka yenu, yeye atabaki na mashemeji zake.

Kibali mnakijua: barua kwa serikali ya kijiji, nakala kwa afisa utamaduni, na muandike wazi "igizo na mjadala", msije mkakatizwa katikati. Awepo pia mwandishi mmoja na daftari: kila shauri, nani atalifuatilia, lini. Lisomwe kwa sauti mbele ya mwenyekiti kabla watu hawajatawanyika.

Nani atakuwa mwezeshaji? Si Kaka Mkubwa, tafadhali, anapenda kujibu. Mwenyekiti mmeshamwona? Shemeji anachezwa na nani, yule kijana wa marimba? Ataweza kuvumilia kuzomewa? Mjane mwenyewe ameulizwa kama anataka mchezo huu uchezwe? Na huyo bwana ardhi wa ukurasa wa mwisho, ni nani aliyemng'ang'ania, wewe au wenzako? Nijibu kabla ya Jumapili, basi la asubuhi linafika mapema.

Wako,
Somo