Salamu za Sikukuu Kutoka Mbele ya Tanuri Lililozimwa

Ndugu zangu wanafunzi, walimu wenzangu, na nyote mliowahi kushika bomba la kupulizia katika karakana yetu, hata kama ni kwa Jumamosi moja tu: salaam. Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya. Nanyi ambao sikukuu yenu imeshapita au iko mbele, pokeeni salamu hizi hizi kwa moyo ule ule.

Nawaandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi la fundi, na tanuri kuu limezimwa. Waliofanya kazi hapa wanajua uzito wa neno hilo. Tanuri la kuyeyushia kioo haliwashwi asubuhi likazimwa jioni kama jiko. Huwaka usiku na mchana, wiki baada ya wiki, joto likiwa nyuzi 1,100 na kitu, maana chungu kilichomo ndani hakivumilii kupashwa na kupozwa mara kwa mara. Hupasuka. Kwa hiyo tunalizima pale tu chungu kinapochoka na kutaka kubadilishwa, na safari hii tumechagua siku hizi za mapumziko. Tulishusha joto kidogo kidogo, na leo jioni ule mngurumo wa moto, tuliouzoea hadi hatuusikii tena, umekoma. Ndipo nimesikia kwamba saa ya ukutani ina mlio.

Darasa la mwisho la mwaka lilikuwa la mapambo ya Krismasi, kama kawaida. Ni darasa ninalolipenda kuliko yote, na nitawaambia kwa nini. Mtu huingia hajawahi kugusa kioo cha moto maishani mwake, na hutoka akiwa amepuliza mpira mmoja wa kutundika. Safari hii alikuja binti mmoja na mama mkwe wake. Binti alichota kioo chunguni kama mtu anavyochota asali kwa kijiti, akazungusha bomba, akasahau kidogo tu, na kioo kikaanza kuning'inia upande mmoja. "Zungusha, mwanangu, zungusha!" mama mkwe akapaza sauti kabla yangu. Akazungusha. Kikarudi katikati. Tukakibingirisha juu ya bamba la chuma, tukakichovya kwenye chembe za rangi ya buluu, tukakirudisha motoni mpaka chembe zikayeyuka na kulala. Kisha nikamwambia apulize pumzi moja fupi na azibe mdomo wa bomba kwa kidole gumba papo hapo. Hewa iliyonaswa ndani hupata joto na kutanuka yenyewe. Huna haja ya kupuliza hadi mishipa ya shingo ikusimame. Akatazama ncha ya bomba, na pale katikati ya lile donge la rangi ya chungwa kikatokea kipovu kidogo kama punje ya dengu. Uso wake ulivyobadilika! Nimekiona kipovu hicho mara nyingi mno, na bado sijakizoea.

Mama mkwe ndiye aliyeleta tone la mwisho, lile linalotengeneza kitanzi cha kutundikia. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wa wengi wetu.

Mapambo haya yana ukoo wake. Mji wa Lauscha, Ujerumani, umekuwa ukitengeneza kioo tangu 1597, na katikati ya karne ya 19 mafundi wake walianza kupuliza mipira ya kupamba mti wa Krismasi. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja hakuwa na fedha za kununua matunda na karanga za kutundika mtini, akayapuliza kwa kioo. Kama ndivyo ilivyokuwa au sivyo, napenda kwamba hadithi yenyewe inamhusu mtu mwenye upungufu nyumbani na ujuzi mkononi. Kazi ile ilikuwa ya familia: mmoja anapuliza, mwingine anapaka fedha kwa ndani ili mpira ung'ae, mwingine anatia rangi. Binti yule na mama mkwe wake hawakujua hayo, lakini waliyafanya.

Wengi mliojiunga miaka ya karibuni mnadhani karakana ilianza na tanuri. Haikuwa hivyo. Tulianza na kioo baridi: meza mbili, taa, vikata kioo vyenye gurudumu dogo la chuma, na masanduku ya vipande vya rangi. Hatukuwa na moto hata wa kuchemshia chai. Tulijifunza kukata, kusaga kingo, kuzungushia utepe wa shaba na kulehemu. Madirisha mawili ya upande wa mashariki ni kazi ya mwaka ule. Mkiyachunguza mtaona viungo vilivyovimba kama mishono ya mwanagenzi, na nimekataa kila mara mtu anapotaka kuyabadilisha.

Katika kundi lile alikuwapo fundi cherehani mstaafu. Ndiye aliyenifundisha mimi, mwalimu wake, jambo ambalo kitabu hakikunifundisha. Kioo hakikatwi, huchorwa mstari mmoja juu ya uso wake, kisha huombwa kiachane pale. Ukikandamiza mno mstari hujaa vumbi na kioo huvunjika kinapotaka chenyewe. Ukigusa kidogo mno hakisikii. Nilikuwa nikihangaika kueleza kiasi gani ni kiasi, ndipo mzee yule akasema, "Mwalimu, sikiliza. Ni sauti ya hariri ikichanwa." Tukanyamaza, akachora mstari, na kweli: mchakacho mwembamba, usiokatika, tangu ukingo hadi ukingo. Tangu siku hiyo tunafundisha kukata kwa sikio.

Sasa macho yake hayamsaidii tena. Lakini bado huja siku za darasa la kukata, huketi kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya fimbo yake, na mara kwa mara husema, "Wewe wa tatu, hapo katikati umeruka." Hakosei. Babu, salamu zako ziko mbele ya zote. Kiti chako hakihamishwi.

Baada ya meza likaja tanuri dogo la umeme la kuunganishia vipande. Pale karibu na nyuzi 800 vioo viwili vilivyolala pamoja huwa kimoja. Kisha zikaja meza za ushanga: moto mdogo wa gesi, waya wa chuma uliopakwa udongo ili ushanga usigande, na watu wameinama na miwani yao myeusi kimya kama wako msikitini au kanisani. Tanuri kubwa lilikuja mwisho kabisa.

Katika miaka hiyo lipo kosa moja ambalo sikukuu haipiti bila kulikumbuka. Mama mmoja alitengeneza bakuli la zawadi ya harusi ya binti yake. Vipande vya kijani vilipungua, nami nikampa vingine kutoka sanduku la pili bila kuangalia namba. Wanafunzi wangu wote leo wanajua: kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunyata, na kila aina ina kiasi chake. Vioo vya kuunganisha huuzwa kwa namba ya kutanuka huko, 90 au 96, na namba hizi hazichanganywi. Bakuli lilitoka tanurini likiwa zuri ajabu. Likakaa wiki tatu rafuni nyumbani kwake. Usiku mmoja, hakuna aliyeligusa, likapasuka lenyewe. Kijani kilikuwa kinavuta huku, cheupe kinavuta kule, siku zote zile, na macho yetu hayakuona kitu.

Nilikwenda kumwomba radhi na vipande vikiwa mezani kwake. Akaniambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwalimu. Lini tunaanza upya?" Tulianza Jumanne iliyofuata. Bakuli la pili lilifika harusini. Na ndiyo sababu kila kipande hapa kina namba iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika, na ndiyo sababu huwa mkali kwa mtu anayerudisha kipande kwenye sanduku lisilo lake. Kama nimewahi kukukemea kwa hilo, sasa unajua.

Nakumbuka pia kwamba watu kama sisi hatukuwa na njia ya kuufikia ufundi huu zamani. Mwaka 1291 Venice ilihamishia matanuri ya kioo kisiwani Murano, kwa kuhofia moto, na baadaye siri za kazi zikalindwa kiasi kwamba fundi aliyehama alihesabiwa mhalifu. Karne nyingi baadaye kioo cha moto kilikuwa bado mali ya viwanda. Mabadiliko makubwa yalikuja Machi 1962, katika gereji iliyokuwa kwenye uwanja wa jumba la makumbusho la Toledo, Marekani. Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi, alikusanya watu wachache kujaribu kama msanii mmoja anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo katika tanuri dogo la kwake. Majaribio ya kwanza ya kuyeyusha yalishindwa. Dominick Labino, mtaalamu wa kioo kutoka kiwandani, akawapa gololi za kioo zilizokusudiwa kutengenezea nyuzinyuzi za kioo, zikayeyuka vizuri. Lakini walikuwa hawajui kupuliza sawasawa, mpaka akaja mpuliza kioo mmoja mstaafu, akashika bomba, akawaonyesha.

Mnaona? Mwalimu wa vyungu, mtu wa kiwandani na mzee mstaafu. Kila ninapowatazama walioketi kwenye meza zetu, namwona mzee yule wa Toledo akiingia mlangoni.

Na kazi ya kioo cha moto si ya mtu mmoja. Fundi anakaa benchini, lakini yuko anayefungua mlango wa tundu la kupashia, anayemkinga mkono na joto kwa ubao uliolowa, anayeleta tone kwa wakati wake, anayevaa glovu nene na kukimbiza chombo hadi tanuri la kupozea. Akichelewa mmoja, chombo kiko sakafuni. Kwa hiyo shukrani zangu za mwaka huu ziwaendee hasa wale ambao majina yao hayaandikwi chini ya bakuli: wafungua milango, wapanga masanduku, wanaofagia vigae vya kioo kwa brashi yenye maji ili vumbi lisiruke, na yule kijana anayefika kabla ya wote kuloweka vijiko vya mbao na kukunja magazeti ya kuumbia kioo. Asanteni sana. Mungu awazidishie.

Nimeliwaza tanuri la kupozea jioni hii kuliko tanuri kuu. Wageni hawalitazami. Ni sanduku la kijivu lisilo na mwali wala mngurumo. Lakini chombo kizuri kuliko vyote, kikiachwa kipoe kwenye hewa ya kawaida, hupasuka, kwa kuwa ngozi yake huganda wakati moyo wake ungali moto. Inabidi kikae karibu nyuzi 500 mpaka ndani na nje vipatane, kisha kiteremshwe polepole. Mpira wa Krismasi unatosheka na usiku mmoja. Kitu kinene hudai siku au wiki. Desemba 1934, kule Corning, Marekani, walimimina kioo cha darubini ya kutazamia nyota ya Palomar, chenye kipenyo cha mita 5. Cha kwanza cha mwaka huo huo kilikuwa kimeharibika. Hiki cha pili walikipoza kwa takriban miezi 10. Sikukuu ikawapita kikiwa ndani, Pasaka ikawapita, nao wanangoja.

Homa hupoa, hasira hupoa, na mwaka nao unahitaji kupoa. Najua baadhi yenu mmepitia mengi: waliofiwa, waliopoteza kazi, wanaouguza nyumbani. Kwenu sitasema mchangamke kwa kuwa ni sikukuu. Kaeni katika joto lenu la kiasi, na watu wenu, kwa muda mtakaohitaji. Darasa halitawapita. Na wenye furaha mwaka huu, mliopata watoto, mliooa na kuolewa, mliouza kazi yenu ya kwanza, shangilieni bila kuona haya. Tumefurahi pamoja nanyi.

Mwakani chungu kipya kitapandishwa joto polepole kama kilivyoshushwa cha zamani, na siku ya kuchota kioo cha kwanza nitawatangazia. Babu wa mlangoni ameomba awe karibu asikie.

Nimebakiza kazi moja. Tanuri la kupozea la darasa la mapambo bado linashuka. Sasa hivi linasoma nyuzi 210. Kesho asubuhi, likishafika joto la mkono, nitalifungua na kuipanga mipira yenu dirishani upande wa mashariki, kila mmoja na jina lake. Wa buluu wenye kitanzi kilichoinama kidogo kushoto, binti na mama mkwe, huo ni wenu. Njooni mwuchukue kabla ya mkesha.