Asante, mama wa soko la vitu vya kale

Mama, jina lako sikulipata, ila nakushukuru mbele ya watu wote.

Ni wewe uliyekuwa na meza ya lesi na vifungo kwenye lile soko la Chicago. Nilikuonyesha Barbie wa marehemu shangazi yangu, na gauni lake jeusi linalometameta. Ukavaa miwani, ukasema papo hapo: Solo in the Spotlight, vazi la mwimbaji lililouzwa kuanzia 1960. Ukanieleza kwamba vazi kamili lina glavu ndefu nyeusi, mkufu wa shanga, kitambaa cha rangi ya waridi, viatu na maikrofoni yake.

Halafu ukaligeuza gauni ndani nje ili nione mshono. Hapo ndipo nilipomjua Charlotte Johnson, mbunifu wa mavazi ya kwanza ya Barbie, aliyekwenda Japani kusimamia ushonaji wake. Zipu ya kweli, pindo safi, kwa mwanasesere wa sentimita 29 hivi! Kazi ile ni ufundi kamili, na anayeiita mchezo wa watoto hajaishika mkononi.

Ukamvua Barbie hereni pia, kwa sababu madini yake huacha doa la kijani masikioni. Mwisho ukafungua kopo lako, ukanipa maikrofoni, na pesa ukakataa kabisa.

Mungu akuzidishie, mama yangu. Kinachokosekana sasa ni kitambaa cha waridi tu, nami naendelea kukitafuta.