Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Hesabu Ianze Siku ya Kuandikishwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Taarifa ya wizara yako kuhusu upandikizaji wa ini inawasifia watoto waliopona, na sina ubishi nayo. Hospitali zenye uzoefu huwavusha zaidi ya watoto tisa katika kila kumi mwaka wa kwanza baada ya upasuaji. Swali langu ni moja: waliofariki wakiwa kwenye orodha ya kungoja ini, zamu yao haijafika, wameandikwa wapi?

Wengi wao mirija ya nyongo iliziba tangu uchanga: macho ya manjano, choo cheupe kama chokaa. Upasuaji wa Kasai, wa kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite, hufaa zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60. Hata hivyo wengi huishia kuhitaji ini jingine.

Njoo siku ya kupima uzito. Mizani inasema mtoto kaongeza nusu kilo, mama anatabasamu. Nazungusha utepe mkononi mwa mtoto: mkono umepungua. Kilichoongezeka ni maji ya tumboni. Namna nzuri ya kumwambia mama huyo sijaipata hadi leo. Usiku humvalisha mwanawe soksi za mikononi asijichubue kwa kuwashwa.

Mwaka 1989, mjini Brisbane, mama kutoka Japani alimpa mwanawe kipande cha ini lake, na mtoto akapona. Kwa mtoto mdogo hutosha sehemu ya kushoto, takriban robo ya ini, na la mtoaji hukua tena. Lakini mzazi asisukumwe. Anapasuliwa akiwa mzima, na wapo watoaji, ingawa wachache sana, waliofariki. Wengine vipimo huwakataa. Kwa hiyo ini la marehemu bado linahitajika, na la mtu mzima likigawanywa vizuri huokoa wawili, mtoto na mtu mzima.

Taarifa ijayo ianze kuhesabu siku mtoto anapoandikishwa. Itaje aliyepata ini la mzazi na aliyepata la marehemu, kila mmoja alingoja siku ngapi, na nani hakufika. Na neno “ameondolewa” kwenye orodha lifafanuliwe. Wakati mwingine maana yake ni kwamba alidhoofika mno hata asiweze kupasuliwa.

Daftari letu la vipimo lina tarehe zote. Mtu wako wa takwimu akija, nitamfungulia.

Muuguzi, wodi ya watoto