Meya aanze na ahadi za mwaka jana

Mhariri,

Meya anaposoma taarifa ya maendeleo ya jiji, mimi hukaa na kalamu nikihesabu vitenzi. Vya "tume-" huwa vya kuokoteza, vya "tuta-" humwagika kama mvua. Kati yake kuna kundi la tatu, la "mchakato unaendelea" na "tuko mbioni", ambalo sijaliona likichimba hata mtaro mmoja.

Rai yangu ni moja. Taarifa ifunguliwe kwa kusomwa ahadi za taarifa iliyopita, moja baada ya moja, na kila moja ipewe jibu: imetimia, bado, au imeachwa na kwa sababu gani. Mipango mipya isubiri zamu yake.

Wapo waliolifanya jambo hili kuwa sheria. Mwaka 2008 jiji la São Paulo, Brazil, lilirekebisha sheria mama yake baada ya wakazi kushinikiza. Meya akishaapishwa ana siku 90 za kuweka hadharani malengo ya muhula wake, yenye tarakimu, na kila miezi sita aeleze amefika wapi. Gilberto Kassab, wa kwanza kubanwa na sheria hiyo, alitangaza malengo 223 mwaka 2009. Muhula ulipokwisha, mengi yalikuwa hayajakamilika. Utasema basi sheria haina meno. Labda. Lakini mkazi aliyekwenda kudai alikwenda na orodha mkononi, akitaja lengo lililokwama, badala ya kunung'unika tu kwamba jiji limeoza.

Tarakimu nazo zina ujanja wake. Tunaambiwa tani za taka zilizozolewa, hatuambiwi zilizozalishwa ni ngapi. Tunaambiwa kilometa za lami mpya, na kimya kuhusu zile za zamani zilizoachwa zikabanduka kwa kukosa matengenezo. Ninachokichukia zaidi ni bajeti "kutekelezwa kwa asilimia 90", kana kwamba fedha kutoka ndiyo kazi kufanyika. Fedha inaweza kuisha yote na bomba likabaki kavu. Nami ningependa pia kusikia deni la jiji, maana hiyo mipango ya mbele italipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo atakuwa meya mwingine na sisi wale wale.

Sasa nakugeukia wewe, Mhariri. Huko Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 1998 kuna mradi uitwao Bogotá Cómo Vamos, unaopima hali ya jiji na kuwauliza wakazi wenyewe wanaionaje. Haukuanzishwa na ofisi ya meya. Miongoni mwa waasisi wake ni gazeti, El Tiempo. Magazeti yetu huchapa picha ya meya akikata utepe, na hotuba nzima nzima kana kwamba ni tangazo la harusi (samahani, lakini ndivyo inavyosomeka).

Nakuomba uitunze taarifa ya mwaka huu. Ijayo ikitoka, zichape kwa safu mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia, bila maoni yoyote ya mwandishi. Sisi wasomaji tutajisomea.

Msomaji wako wa siku nyingi