Malalamiko Kuhusu Mwavuli Usiolingana na Lebo Yake

Entebbe, Wilaya ya Wakiso
10 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: MWAVULI WA KUKUNJA ULIOUZWA KUWA UNASTAHIMILI UPEPO

Ninaandika kulalamikia mwavuli wa kukunja mara mbili nilioununua mwezi Machi katika duka lenu la katikati ya jiji kwa shilingi 65,000, pamoja na jibu nililopewa nilipourudisha ukiwa umevunjika. Lebo iliyoshonwa ndani ya kitambaa, na karatasi iliyoning'inia kwenye mpini, zilieleza kwamba mbavu zote, yaani fito zinazoshikilia kitambaa, ni za faibaglasi, kwamba kitambaa kina tabaka mbili zenye nafasi ya kupitishia upepo, na kwamba mwavuli ukipinduliwa hurudi katika umbo lake bila kuvunjika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililothibitika kuwa kweli. Mwavuli uliouzwa kwa kusifiwa kwamba unaushinda upepo sasa umenyimwa dhamana kwa sababu ulivunjwa na upepo.

Mwavuli huu sikuuchagua kwa kupendezwa na rangi. Mimi ni mwalimu. Kila siku ya shule hutembea kutoka nyumbani hadi steji, hupanda teksi, kisha hutembea tena, na mtu wa safari hizo katika ukanda huu wa ziwa anahitaji mwavuli wa kutumika asubuhi na jioni, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, wala si wa kutoka nao siku za harusi. Mwavuli mrefu usiokunjwa ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa mbavu zake hazina viungo vya kukunjia na kila kiungo ni mahali pa kulegea; lakini ndani ya teksi ya abiria 14 huwa unawachoma watu magotini, na kondakta hakosi la kusema. Ule wa kukunja mara tatu huingia mkobani bila shida, ila viungo vyake ni vingi mno. Nikachukua wa kukunja mara mbili, wa kufunguliwa kwa mkono, kwa sababu springi ya kitufe huongeza kitu kingine cha kuharibika, na nikalipa bei ambayo katika soko la Kikuubo, Kampala, ingeninunulia miavuli kadhaa. Faibaglasi hupinda upepo unapoisukuma na kujinyoosha yenyewe, tena haishiki kutu. Aluminiamu ni nyepesi, lakini ikishapinda hubaki imepinda, na chuma chembamba hupinda au hukatika na kuliwa na kutu kila kinapolowa. Fedha nilizoongeza juu ya bei ya mwavuli wa kawaida nilizitoa kwa ajili ya tofauti hiyo, na siku ile ile nilimweleza muuzaji wenu kwamba ni mwavuli wa kutumia kila siku huku Entebbe.

Anayeishi Entebbe anajua kwamba mvua ya Ziwa Victoria huja na upepo, na mara nyingi huja alfajiri au asubuhi, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande za ziwa hukutana juu ya maji yenye joto na kujenga mawingu ya radi. Asubuhi moja ya mwezi Aprili, nikiwa karibu na Kitooro, upepo wa mvua ya namna hiyo uliupindua mwavuli. Haikuwa dhoruba ya kuandikwa magazetini: mabati hayakung'oka, migomba haikulala, na bodaboda ziliendelea kubeba abiria. Mwavuli haukurudi katika umbo lake. Mbavu tatu kati ya nane zilikatika, na ya nne ikapinda isinyooke tena.

Kabla ya kuja dukani niliupeleka kwa fundi wa miavuli anayefanya kazi kando ya barabara, nikamwomba asiutengeneze bali anionyeshe kilichovunjika. Faibaglasi iko kwenye kipande cha mwisho tu cha kila ubavu, kuelekea ukingo wa kitambaa, nacho hakizidi theluthi moja ya urefu wote. Sehemu iliyobaki, pamoja na vyuma vinavyouegemeza ubavu kwenye mhimili, ni bati jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi ili lifanane na hiyo faibaglasi. Fundi alisogeza sumaku, ikanasa. Na sumaku hainasi faibaglasi, wala hainasi aluminiamu. Kutu ilikuwa imeshazizunguka ribiti, zile pini ndogo za kuungia vipande, na kuacha madoa kwenye kitambaa, ingawa kila niliporudi nyumbani niliuacha mwavuli wazi kivulini ukauke kabla ya kuukunja. Mbavu zote tatu zilikatikia mahali pale pale, kwenye kiungo cha chuma na faibaglasi, kwa sababu upande mmoja wa kiungo hicho unapinda na wa pili haupindi, na nguvu yote ya upepo inaishia kwenye ribiti moja ndogo.

Kuhusu tabaka mbili za kitambaa, ni kweli ziko mbili. Lakini tabaka la juu limeshonwa kwenye la chini kuuzunguka ukingo wake wote, kiasi kwamba hata kidole hakipenyi. Maana ya tabaka mbili ni kwamba upepo unaoingia chini ya mwavuli utokee kati yake badala ya kuuinua na kuupindua; zikishonwa pamoja, kinachobaki ni pambo lenye uzito. Jambo hili limenikera kuliko lile la chuma. Chuma huenda kikatokana na ubahili wa kiwanda, lakini aliyeuzungusha mshono ule alijua kabisa kwamba anaziba njia ya upepo, na aliyeandika lebo hakujali.

Sisemi kwamba chuma ni kitu cha aibu. Mwaka 1852 Mwingereza Samuel Fox alitengeneza fremu ya mwavuli yenye mbavu za chuma zilizokunjwa kwa umbo la herufi U, na umbo hilo ndilo linaloupa ubavu mwembamba nguvu yake. Hadi leo iko miavuli mizuri inayotengenezwa hivyo na kudumu miaka. Kama lebo yenu ingesema chuma, na bei ikawa ya chuma, nisingekuwa na la kulalamikia zaidi ya kwamba chuma chenyewe ni hafifu, maana mfereji wa hiyo U ni wa kina kifupi hivi kwamba ubavu unapindika kwa vidole viwili.

Nilifika dukani nikiwa na risiti na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja. Nikajibiwa kwamba dhamana inahusu kasoro za kiwandani tu, na kwamba upepo si kasoro ya kiwandani. Kwamba upepo hautengenezwi kiwandani sina ubishi nalo. Ubavu unaodaiwa kuwa wa faibaglasi nao ni wa chuma, hata hivyo, ulitoka kiwandani hivyo, na upepo ulichofanya ni kuufichua. Kijana wenu wa kaunta, aliyenisikiliza kwa adabu na ambaye simlaumu, alisema huenda niliushika vibaya, kisha akanipa punguzo la bei endapo ningenunua mwingine wa aina ile ile. Aliniomba pia niuache dukani mwavuli uliovunjika, nikakataa. Niliahidiwa kwamba nitapigiwa simu na ofisi yenu. Simu hiyo haijaja, ndiyo maana ninaandika.

Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na ifae kwa matumizi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji. Kwa msingi huo ninaomba mnirudishie shilingi 65,000 zote ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Punguzo silihitaji. Mwavuli mwingine nitaupokea iwapo tu mbavu zake ni za faibaglasi kuanzia kwenye mhimili hadi nchani, nafasi ya upepo iko wazi, na nimeruhusiwa kuukagua kwa sumaku pale pale kaunta kabla sijaondoka. Ninaomba vilevile kwamba miavuli ya aina hii iliyobaki madukani ibadilishwe lebo kabla ya mvua za Septemba, na kwamba mfikirie kuuza mbavu za akiba, kwa kuwa mafundi wa kuzifunga wapo, ila vipuri vya kulingana na fremu zenu havipatikani.

Muda huo ukipita bila jibu, nitaupeleka mwavuli pamoja na lebo yake katika Shirika la Viwango la Uganda, na dai la fedha nitalifungua mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10.

Ninaambatisha nakala ya risiti, nakala ya kadi ya dhamana, picha za mbavu zilizokatika na picha ya mshono niliouelezea. Mwavuli wenyewe ninao, na mtu wenu anaweza kuja kuukagua mbele yangu shuleni siku yoyote ya masomo kuanzia saa kumi jioni.

Wenu katika kusubiri jibu,

(Sahihi)
Mteja, Entebbe