Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: shabaha tatu za kupimia ulinganifu wa maada ya giza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimekaguliwa na mmekwisha kuzipokea, kwa hiyo taarifa hii inahusu kazi ya kikundi cha ukokotoaji. Swali lao lilikuwa moja: je, chembe ya maada ya giza (maada isiyoonekana, tunayoijua kwa mvutano wake tu) na chembe kinyume chake ni kitu kimoja? Tunalipima kwa shabaha, yaani elementi ambazo viini vya atomi zake vinaweza kugongwa na chembe hizo.

Kama ni kitu kimoja, kasi ya migongano isiyotegemea spini (mzunguko wa asili wa chembe) hufuata kipeo cha pili cha jumla moja: idadi ya protoni za kiini mara nguvu ambayo maada ya giza huzigonga nayo, kujumlisha idadi ya nyutroni mara nguvu yao. Nguvu hizo mbili hatuzijui. Shabaha mbili hubakiza majibu mawili tu, na ya tatu huyapima. Kama ni vitu viwili, tunapata wastani wa vipeo viwili tofauti, na shabaha ya tatu yaweza kugoma kuingia katika jibu lolote.

Kazi ngumu ni kuchagua shabaha. Nguvu ya nyutroni ikipingana na ya protoni, ishara ya zenoni hufifia sana uwiano wa nguvu ya nyutroni kwa ya protoni ukikaribia −0.70, gerimani −0.79, arigoni −0.82, silikoni −1. Zenoni hainyamazi kabisa, maana isotopi zake (atomi zenye idadi tofauti za nyutroni) zimetawanyika kuanzia namba ya uzito 124 hadi 136. Tazameni gerimani na arigoni: ni karibu mlinganyo uleule ulioandikwa mara mbili. Msizihesabu kama shabaha mbili kamili. Tunachohitaji ni silikoni, na ndiyo haba. Jaribio la LZ kule South Dakota, Marekani, ina tani 7 za zenoni ya kugundulia. Jaribio la SuperCDMS katika maabara ya SNOLAB, Kanada, ina vigunduzi 24 tu, vingi vikiwa vya gerimani.

Makosa mengi huingia kwenye kizingiti cha nishati, yaani nishati ndogo kabisa ambayo kigunduzi huweza kuiona. Msongamano wa maada ya giza wa 0.3 GeV (kipimo cha nishati) kwa sentimita ya ujazo hujifuta tukigawanya matokeo ya shabaha moja kwa nyingine. Mwendokasi wa chembe haujifuti, kwa kuwa kila kizingiti huona sehemu yake ya chembe. Linganisheni kwanza mwendokasi wa chini kabisa ambao kila shabaha huweza kuuona, ndipo mgawanye.

Ishara ya kuaminika ya maada ya giza bado haijaonekana. Lakini mwaka 2024 majaribio ya XENONnT na PandaX-4T yaliripoti dalili za nyutrino (chembe nyepesi mno) za Jua katika zenoni. Nyutrino hugonga karibu nyutroni peke yake, hivyo zisipoondolewa huvuta nguvu ya protoni kuelekea sifuri. Kikundi kitaziingiza katika ukokotoaji ujao, kikianza na silikoni. Wenye majedwali ya isotopi wamkabidhi katibu kabla ya mkutano mkuu.