Barua kwa Baba Neema: Ilimba Isiyoingia Kwenye Biti

Chang'ombe, Dodoma

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama Neema na watoto wote hapo Tabata. Sisi huku hatujambo, isipokuwa upepo wa majira haya ambao, kama unavyoujua, hauachi kikombe wala mlango bila vumbi. Barua yako niliipokea kwa mkono wa yule kijana aliyekuja na treni, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mpwa wangu, yule anayetengeneza muziki, kile kipande unachosema kwamba muziki wa kuchezeka wa siku hizi, ule unaotengenezwa ili uuzwe, umekwisha kabisa. Kwamba ukisikia wimbo mmoja umesikia nyimbo mia, na kwamba vijana hawabuni tena bali wananakili. Kijana alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mwambie aje akae studio siku moja." Kwa kuwa huwezi kuja kwa sasa, nimekaa mimi kwa niaba yako, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nikiri kwanza kwamba ushahidi wa upande wako ninao mwingi kuliko ulionao wewe. Jumamosi iliyopita nilipeleka vyombo vya muziki kwenye sherehe ya kumuaga binti katika ukumbi mmoja hapa mtaani Kisasa. Mwenye vyombo, akishamaliza kufunga nyaya, hana kazi nyingine zaidi ya kuangalia taa ya amplifaya isigeuke nyekundu, basi nikaanza kuhesabu. Kuanzia keki ilipokatwa hadi watu walipoitwa kwenye chakula, DJ alipiga nyimbo 14, na 11 kati yake zilikuwa na logidramu, ile besi ya amapiano, muziki wa Afrika Kusini, inayogonga kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa kiganja. Mwendo ulikuwa ule ule, mapigo 112 au 113 kwa dakika, kiasi kwamba DJ hakuwa na haja ya kugusa kitelezi cha mwendo hata mara moja. Baadhi zilikuwa za Kiswahili, baadhi za Kizulu, moja ya Nigeria. Mama mmoja aliyekaa karibu na spika aliniuliza kama wimbo umebadilika au bado ni ule ule, nami, mwenye vyombo, nilishindwa kumjibu mpaka nilipochungulia kwenye kompyuta ya DJ.

Kwa hiyo kuhusu kufanana sibishani nawe. Ninachokataa ni lile neno lako "wananakili," kwa sababu sisi tuliokulia kwenye dansi hatuna mdomo wa kulitamka. Rumba iliyotulea ilifika Kongo na Afrika ya Mashariki kwa santuri za mfululizo ulioitwa GV zilizobeba nyimbo za Kuba tangu miaka ya 1930, na wapo waimbaji wengi waliowahi kuimba Kihispania cha kubahatisha bila kujua wanamwimbia nani nini. Magitaa ya bendi zetu yaliendelea kusikiliza Kinshasa miaka na miaka. Bendi ya Mlimani Park walipolichukua jina la Sikinde kutoka katika ngoma ya Wazaramo walifanya jambo zuri mno, lakini hata wao hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua, wakachanganya, wakaweka maneno yanayouma, na mchanganyiko ukawa wao.

Tena, usisahau kwamba hata wakati ule biashara ilikuwa na kipimo chake. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo wote, ndiyo maana ukawekwa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande mwingine: huku maneno na taratibu, huku chemko. Ukumbini bendi iliweza kuchemka nusu saa nzima mpaka mashati yalowe, lakini aliyebaki nyumbani na santuri yake alichemka kwa dakika tatu au nne, kisha sindano ikafika mwisho. Hatukulalamika kwamba chuma cha kiwandani kimetukatia wimbo. Tulisema huo ndio mtindo.

Kipimo cha leo ni kingine, na hapa ndipo ninapoanza kukukaribia. Mpwa wangu alinieleza kwamba Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa pale tu msikilizaji anapovuka sekunde 30. Anayeruka kwenda wimbo mwingine kwenye sekunde ya 29 hajampa mwanamuziki chochote. Basi fikiri wewe ungekuwa unatengeneza wimbo wa kuchezeka kwa masharti hayo. Usingethubutu kuanza na ngoma tupu kwa dakika nzima, kama zilivyokuwa zinaanza rekodi ndefu za house, muziki wa klabu uliotoka Marekani, zile za dakika sita au saba, ambazo mwanzo wake na mwisho wake uliachwa wazi makusudi ili DJ apate pa kuunganisha. Ungekimbilia kiitikio. Ungechagua sauti ambayo sikio limeshaizoea, kwa sababu sikio likishtuka kidole nacho kinashtuka, na wimbo umerukwa. Sidhani kama vijana ni wavivu. Wanaogopa kidole cha mtu wasiyemwona.

Nakwambia hivyo kwa sababu ukitazama muziki huu ulikotoka, karibu kila tawi lake lilianzia kwenye kitu kilichoshtua sikio. Mfano ninaoupenda ni wa Chicago, kule ambako DJ Frankie Knuckles na klabu ya Warehouse waliuachia muziki wa house jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kimashine kiitwacho TB-303, kusudi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate mwenzake wa kumpigia besi. Kimashine hakikufanana na gitaa la besi hata kidogo, wanunuzi wakakikataa, kikaacha kutengenezwa, na kikaishia kuuzwa kwa bei ya mtumba. Vijana waliojiita Phuture walikipata, wakawa wanazungusha vifundo vyake huku kinalia, kikatoa mlio wa kuchuruzika na kulalama ambao mhandisi wake hakuwahi kuufikiria. Husimuliwa kwamba DJ Ron Hardy wa klabu ya Music Box aliipiga kanda yao mara nne katika usiku mmoja: mara ya kwanza wachezaji walikimbia uwanja, na mara ya nne walikuwa wamepagawa. Rekodi ilitoka mwaka 1987, na tawi zima la muziki, linaloitwa acid house, likazaliwa hapo.

Mara nne, Baba Neema! Nani leo anampa mtu nafasi ya kusikia kitu kigumu mara nne?

Hata hiyo logidramu inayotuchosha wewe na mimi ina historia inayofanana. Ilikuwa sauti iliyokuja tayari ndani ya programu ya kutengenezea muziki iitwayo FL Studio, imelala humo kama sufuria lisilotumika, mpaka vijana wa vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, walipoiamsha na kuipa kazi ya kubeba wimbo mzima. Kwao ulikuwa ubunifu wa kweli kabisa. Kwa anayeichukua leo Dodoma kutoka kwenye kifurushi cha sauti, ikiwa imeshachongwa na kupakwa mafuta, ni tofali la kununua.

Na hapa nina shauri dogo dhidi yako wewe binafsi, uniwie radhi. Unalia kwamba hakuna jipya, nawe unaishi jirani na singeli. Imetoka uswahilini huko huko kwenu, Manzese na Tandale, kwa vijana waliovichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na juu yake mtu anatema maneno kama mvua ya mabati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliikusanya kazi ya studio ya Sisso kwenye albamu moja, na tangu hapo vijana hao wameitwa kupiga Ulaya. Wewe ulipoisikia kwa mara ya kwanza uliniambia kwenye simu kwamba redio ya jirani yako imeharibika. Ron Hardy angeipiga mara nne. Wewe ulifunga dirisha.

Sasa nikueleze ya studio. Ni chumba kimoja cha kupanga, trei za mayai zimegongomelewa ukutani, godoro limesimamishwa mlangoni ili mlio usitoke, na feni inazimwa kila mtu anaporekodi, kwa hiyo humo ndani tunachemka kuliko Sikinde. Mpwa wangu alikuwa na kazi ya mwimbaji mmoja kijana aliyetaka wimbo wa kupigwa kwenye harusi za Desemba. Biti yenyewe aliijenga mbele yangu kwa muda usiozidi dakika 40: ngoma kutoka faili moja, shekere kutoka faili jingine, besi ile ile, kila pigo likijivuta lenyewe kwenye mstari wake. Nilipomuuliza kama haoni haya, alinijibu kwamba hiyo ndiyo aliyoagizwa, na kwamba fundi cherehani haulizwi kwa nini suti zote za maharusi zinafanana.

Lakini kisha akanifungulia kitu kingine. Katika simu yake alikuwa na sauti ya ilimba aliyoirekodi Chamwino, ikipigwa na mzee mmoja chini ya mbuyu, na kwa mbali unasikia kuku. Unaijua ilimba ya Kigogo: vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao, na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ambao ndio unaoipa ule mtetemo wa nyuki. Ngazi yake ya sauti inafuata zile sauti zinazozaana zenyewe katika uzi mmoja ukiupiga, haifuati piano, na ipo sauti mojawapo inayokaa chini kidogo ya kitufe unachokitarajia. Alipoiweka juu ya biti, ikawa inakwaruza. Akaiamuru programu inyooshe: ikanyooka, na papo hapo ikafa, ikawa kama mlio wa simu ya zamani. Mtetemo wa nyuki nao ukapotea.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo ningependa ungeliona kwa macho yako. Aliirudisha ilimba kama ilivyokuwa, akaanza kuishusha besi nywele kwa nywele mpaka ikaifuata ilimba, badala ya ilimba kuifuata besi. Kisha akalegeza ngoma, zikaacha kukaa kwenye mistari, kwa sababu yule mzee alikuwa hapigi juu ya mstari wowote. Alikuwa anapiga kwa kufuata pumzi yake. Kazi hiyo ilimchukua usiku mbili. Niliposikiliza, mara ya kwanza sikujua mguu niuweke wapi. Mara ya tatu ulikuwa umeshajiweka wenyewe, tena mahali ambapo akina mama wa Chamwino huuweka wanapopiga muheme, ngoma imebanwa mapajani, macho hayaendi kwenye ngoma bali kwenye mabega ya wanaocheza.

Mwimbaji alikuja Jumatatu. Alisikiliza kwa kitambo kisichofika nusu dakika, akasema, "Bro, hapo kuna funguo imekosewa." Mpwa wangu alijaribu kumweleza. Kijana akatoa simu, akampigia wimbo unaotamba sasa hivi, akasema anataka kama ule, na fedha iliyobaki ataitoa ukifanana. Ilimba iliondolewa kwa kubonyeza vitufe viwili. Kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa, na mimi mjomba mtu nilikuwepo na sikusema neno, kwa kuwa kodi yenyewe si mimi ninayeilipa.

Ndiyo maana siwezi kuitia sahihi hukumu yako kama ulivyoiandika. Ubunifu niliuona, ulikuwa mezani, na ulitolewa saa ya makabidhiano na mtu aliyeogopa kwamba wengine wataogopa. Nilimkumbuka marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa huku huku Ugogoni, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Lebo ya Real World ya Uingereza ilimrekodi na ilimba yake na zeze lake, na hakuna aliyemwambia kwamba funguo imekosewa. Najua utasema ule haukuwa muziki wa harusi za Desemba, na ni kweli. Lakini nimeona watu wa Dodoma wakicheza ilimba tangu nikiwa sijavaa viatu, tena harusini.

Mpwa wangu hajalifuta lile toleo lenye ilimba. Jumamosi ya wiki ijayo nina shughuli Ipagala, DJ ni kijana tunayeelewana, na nyaya ni zangu. Nimemwomba aupige wimbo huo kabla ya chakula, aupige tena baada ya chakula, na ikiwa mshereheshaji hatatufukuza, aupige mara ya tatu na ya nne wakati wa zawadi. Nitahesabu waliobaki uwanjani kila mara na kukuandikia, hata kama atabaki bibi harusi peke yake.

Ukipata mtu anayepanda treni kuja huku, mpe zile nyaya za spika nilizoziacha kwako mwaka jana, maana nilizonazo zimeanza kuungua. Msalimie sana Mama Neema, na mwambie zabibu zikiiva nitamtumia.

Nduguyo,
Baba Upendo